Ada ya shule na kura ya mtu wa katikati

Wachambuzi wengi wa siasa za Afrika Mashariki huipuuza nadharia ya mpiga kura wa katikati, isemayo kwamba wagombea wawili wakishindana, hushinda anayeyakaribia zaidi matakwa ya mtu aliye katikati ya wapiga kura wote wakipangwa kwa msimamo wao. Huku kwetu, wanasema, kura hufuata kabila, na hoja aliyoieleza mwanauchumi Duncan Black mwaka 1948 iachwe kwa wenye vyama vya kushoto na kulia. Wamefanya haraka kuizika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Wapiga kura watano wanaulizwa mzazi achangie shilingi ngapi shuleni. Wa kwanza anataka sifuri, wa pili 200, wa tatu 500, wa nne 2,000, wa tano 5,000. Wastani wao ni 1,540, lakini mgombea anayenadi 1,540 hushindwa kura tatu kwa mbili na anayenadi 500. Wa tano hata akitaka 50,000, wastani unaruka hadi 10,540 na mshindi bado ni 500. Ila wale wawili wa chini wasipojitokeza kupiga kura, wa katikati sasa ni yule wa 2,000. Na wagombea wakiwa wengi, huku sheria ikimpa ushindi anayeongoza tu, katikati haina nguvu: Moi alishinda urais wa Kenya mwaka 1992 kwa takriban 36% ya kura.

Sasa tumtafute mtu wa katikati halisi wa Uganda au Kenya ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Ni mkulima mdogo wa kijijini, mwenye watoto kadhaa katika shule ya msingi ya serikali. Ruzuku ya chuo kikuu haimgusi. Ada ya shule ya msingi inamgusa kila muhula. Malawi ilifuta ada mwaka 1994, baada tu ya uchaguzi wa vyama vingi. Museveni wa Uganda aliahidi katika kampeni za 1996 kusomesha bure watoto wanne wa kila familia. Mwaka 1997 idadi ya wanafunzi huko ilipanda kutoka milioni tatu hivi hadi zaidi ya milioni tano. Kenya ilifuata Januari 2003, mara tu Kibaki alipoingia Ikulu, na wanafunzi wakatoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2.

Wapinzani wa nadharia wana hoja. Tanzania ilifuta ada mwaka 2001 bila chama tawala kutishwa na yeyote kwenye sanduku la kura. Msamaha wa madeni na shinikizo la wafadhili vilisaidia sana. Museveni naye alipata karibu robo tatu ya kura, kwa hiyo hakuhitaji kumbembeleza mtu wa katikati. Hayo nayakubali. Ila hoja ya kabila inakwama Kenya mwaka 2007. Ngome zilikuwa zimegawanywa, lakini Kibaki na Raila wote wawili waliahidi kuondoa karo ya masomo ya sekondari, na mwaka 2008 serikali ikaanza kutoa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi. Ngome zikishagawanywa, kinachobaki kugombaniwa ni wale wachache wanaoweza kuhama, na hao husikiliza ahadi.

Jambo ninalolirudia mara kwa mara ni aina ya ahadi zinazopona kampeni. Mzazi hujua wiki ya kwanza ya Januari kama ada imefutwa: anafika getini, haombwi risiti. Kama mwalimu anafundisha au hafundishi, huenda asijue hadi mtoto amalize shule ya msingi, na hata hapo hajui amlaumu nani: mwalimu, mkuu wa shule, serikali au mtoto mwenyewe. Mgombea hupata kura kwa lile la kwanza, na kwa la pili hapati kitu. Ndiyo maana Kenya ilifungua milango mwaka 2003 kwa ruzuku ya shilingi 1,020 kwa mtoto, huku ajira za walimu zikiwa zimesitishwa tangu 1998 isipokuwa kujaza nafasi za walioondoka. Madarasa yakafurika. Tathmini za Uwezo, zinazopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zimeonyesha mara nyingi kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Wanaosema hili linaiangusha nadharia wanaidai kisichokuwemo: haikuahidi sera nzuri, ilisema tu mwanasiasa atamfuata nani.

Wenye uwezo wakahamishia watoto wao shule za binafsi. Kura zao zilibaki, lakini kwenye shule ya umma hakuna tena mzazi wa kumsumbua mkuu wa shule kuhusu mwalimu asiyeingia darasani.

Na michango ikarudi kwa majina mengine: madawati, mitihani, masomo ya ziada, mlinzi. Hiyo haipitishwi na sanduku la kura. Hupitishwa kwenye mkutano wa wazazi saa nne asubuhi siku ya kazi, na kibarua anayelipwa kwa siku hayupo kunyoosha mkono.