Eti umezoea baridi

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kama hujaiona shukuru Mungu. Vijana wamefika Barranco, karibu mita 3,900 juu Kilimanjaro, ile miti ya senesio iko nyuma yao, na mmoja anang'oa majani makavu kwenye shina, anavuta kwa mikono miwili kuanzia chini mpaka mkono unapofika, wenzake wanacheka. Anayerekodi anasema "tunausafisha huu, upendeze kwenye picha." Sauti ya dada mmoja inauliza kama mti hautaumia, na jamaa anamjibu kwa kujiamini kabisa, "Huu umezoea baridi bwana."

Nimeirudia hiyo sehemu kama mtu anayetafuta presha kwa makusudi.

Sasa tuelewane. Yale majani makavu sio uchafu. Senesio hiyo, kitaalamu Dendrosenecio kilimanjari, majani yake yakifa hayadondoki, yanabaki yamelalia shina, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka, na yana kazi. Katikati ya shina kuna kiini laini kilichojaa maji, na hayo ndiyo maji ambayo majani ya juu yanayatumia asubuhi, ule muda jua limeshachomoza kali lakini udongo bado umeganda na mizizi haivuti kitu. Shina likipigwa na baridi likaganda, majani yanakaukia juani huku maji yapo palepale chini yao. Kule Venezuela, kwenye Andes, kuna mimea inaitwa Espeletia, nayo ni ya ukoo wa alizeti kama senesio na imevaa majani makavu hivyohivyo, watafiti waliivua makusudi waone itakuwaje. Mingi ikafa. Halafu senesio inarefuka sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo huyo kijana inawezekana kabisa amevua kitu kilichomzidi umri babu yake, ili apate picha.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hilo "umezoea", kana kwamba mti umesimama tu pale unavumilia kiume. Hakuna anayezoea barafu ndani ya seli. Barafu ikiota ndani ya seli inachana utando, na hapo habari imekwisha, iwe seli ya mchicha, ya lobelia (mmea mwingine wa kule juu) au ya kidole chako cha mguu. Kinachoendelea kule juu ni kemia, inafanywa upya kila usiku na ina gharama yake. Miti ya Ulaya inapewa miezi ya kujiandaa, siku zinafupika taratibu, inajaza sukari kwenye seli, inapukutisha majani, inalala hadi baridi ipite. Ya kwetu nani aipe miezi? Saa sita mchana jua la ikweta linababua, saa tisa usiku iko chini ya sifuri, kesho tena vilevile, Januari mpaka Desemba. Olov Hedberg, yule mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alishasema kwamba kule ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, na sijaona aliyeeleza vizuri zaidi yake.

Sasa njoo kwa Lobelia telekii ya Mlima Kenya, ile yenye mnara mrefu wa maua wenye manyoya. Ndani mnara uko wazi, na humo ndani kuna maji. Mwaka 1979 watafiti wa Norway walichapisha kwenye jarida la Nature walichokikuta kwenye maji yale, na mimi tangu nisome ile kitu sijapona. Mtu yeyote angetegemea mmea wa baridi uweke dawa ya kuzuia maji yasigande, si ndio? Huu umeweka dawa ya kuyagandisha! Kwenye yale maji kuna kitu, inaelekea ni aina ya sukari za minyororo mirefu, kinachofanya barafu ianze mara tu joto linaposhuka kidogo chini ya sifuri.

Kwa nini mmea ujifanyie hivyo? Kwa sababu maji yaliyotulia yanaweza kupita sifuri na kuendelea kushuka bila kuganda. Kama umewahi kutoa chupa ya maji kwenye friza ikiwa bado maji kabisa, ukaigonga mezani yote ikageuka barafu unaiangalia, unajua ninachosema. Chupani ni mchezo, ila ndani ya mmea huo muda wa kuchelewa ndio muda ambao nyama changa na mbegu zinapoa pamoja na maji mpaka zinapata madhara. Na kuganda kwenyewe kunatoa joto. Ndiyo, kunatoa. Gramu moja ya maji ikipoa digrii moja inaachia nishati ya jouli 4.2 hivi, gramu hiyohiyo ikigeuka barafu inaachia jouli 334, piga hesabu, ni kama mara 80. Kwa hiyo mmea unayaanzisha maji yake kuganda mapema, joto linalotoka linashikilia ndani ya mnara karibu na sifuri wakati nje kunazidi kushuka, na kwa vile maji ni mengi na usiku una mwisho, kunakucha kabla hayajaganda yote. Jua linayeyusha, jioni kazi inaanza upya. Hakuna moto, hakuna umeme, hakuna fundi.

Lobelia deckenii ya Kilimanjaro nayo inaweka maji, hii inayakinga kwenye majani yake yaliyojipanga duara, juu panashika barafu na chipukizi liko salama chini ya maji. Na ndiyo hiyohiyo ambayo watu wanaichokoa kwa fimbo za kutembelea wavunje barafu waone kuna nini ndani. Kuna mtoto humo, acheni.

Senesio mbinu yake ni nyingine. Jioni majani yanajikunja juu kulifunika chipukizi, na yale ya nje yanaganda kweli, ukiyashika asubuhi na mapema ni magumu yanalia. Ila barafu inakaa kwenye nafasi kati ya seli. Maji yanavutwa yanatoka nje ya seli, ndani kunabaki utomvu mzito wenye sukari ambao haugandi kirahisi, seli inasinyaa na kusubiri. Jua likipiga maji yanarudi, na kabla ya mchana lile jani linajitengenezea chakula kama hakijatokea kitu. Mchicha wa kwenu ukilala huko usiku mmoja unaamka mlenda.

Haya ndiyo yaliyotakiwa kuwa kwenye daftari langu la baiolojia. Nimesoma Moshi mimi, Kibo inaonekana dirishani kukiwa hakuna mawingu, na tulipofika kwenye mada ya viumbe na baridi tukakaririshwa dubu mweupe na pengwini. Mafuta chini ya ngozi, maksi mbili. Sawa.

Haya, nitakubali, mti haufi kwa kung'olewa majani mawili, na waongozaji wengi wa mlimani wangemzuia yule kijana kabla hajagusa, nimewaona wakifanya hivyo na wageni wazito. Ila baada ya moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 sidhani mlima una akiba ya miti ya kuchezea.

Na hilo "wamezoea" haliishii kwenye miti. Ulizia kwa nini mpagazi amevaa jaketi jepesi vile, utajibiwa hawa wamezoea. Wamezoea kwa kutumia nini? Watibeti wana aina yao ya jeni inayoitwa EPAS1, ya kuwasaidia kuishi kwenye oksijeni kidogo, iligunduliwa 2010, imechujwa na maelfu ya miaka ya kuishi juu. Kijana wa Machame au Marangu amekulia chini ya mita 2,000, mwingine katoka Arusha mjini juzi, damu yake ni kama yako. Kule kileleni, mita 5,895, oksijeni anayovuta ni karibu nusu ya ile ya Dar, figo zake zinatoa homoni ya kuongeza chembe nyekundu lakini chembe hazitengenezwi kwa usiku mmoja, na vidoleni hana utomvu wa sukari wa kumkinga na barafu. Kupanda mara kwa mara kunamsaidia, sikatai, ila ameshaugua kichwa na kutapika kama wewe, tofauti ni kwamba yeye ana kilo 20 mgongoni na hakuna anayemrekodi.

Kwa hiyo wewe unayepanga kupanda Disemba, kabla hujalipa iulize kampuni yako wapagazi wanalala hema gani, wana magodoro na sleeping bag za baridi ile au wanajibanza kwenye hema la kulia chakula. Wakikujibu wamezoea, tafuta kampuni nyingine.