Usisaini Karatasi Pale Barabarani

Mdogo wangu aliumia goti kwenye daladala iliyoparamia nguzo huko Mbagala, Dar es Salaam. Abiria hawajamaliza kushuka, kondakta keshamshikisha shilingi elfu thelathini na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Nimepokea pesa ya matibabu, sina madai mengine." Akasaini, damu ikichuruzika mpaka kwenye ndala. Baada ya wiki tatu goti likawa linamwachia akishuka ngazi. Daktari akasema kano imechanika, apasuliwe. Na kituo cha polisi hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba siku ile alikuwemo ndani ya gari.

Tangu hapo nikisikia mtu anasema "tuyamalize hapa hapa" moyo unanichoma. Tunamwonea dereva huruma, ana watoto, tunasema. Sawa, anao. Lakini gari likiwa na bima, hata hii tunayoiita bima ndogo, anayetakiwa kumlipa majeruhi ni kampuni ya bima. Bima hiyo ni ya lazima kisheria, na imewekwa kwa ajili ya watu kama mdogo wangu. Ukipokea elfu thelathini zako ukaondoka, aliyepona ni kampuni.

Mwili kwanza, hilo halina mjadala. Na tafadhali tuache kumbeba majeruhi mmoja mikono mwingine miguu na kumkunja ndani ya bajaji. Shingo au mgongo ukiwa umeumia, hapo ndipo tunapommaliza. Kama gari haliwaki moto na hakuna hatari nyingine, mwacheni alale alivyo, mzuieni kichwa kisicheze, pigeni 112. Aliyegonga kichwa asirudi nyumbani kwa sababu tu anaongea vizuri.

Wakati huo huo ndugu wa pili aende polisi. Majeruhi hawezi kufuatilia haya akiwa kitandani, ndiyo maana nasema ni kazi ya familia. Piga picha namba ya usajili. Kwa namba hiyo utahakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, maana stika siku hizi ni za kielektroniki. Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, chukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi. Fomu hiyo polisi wanaitoa, daktari anaijaza, kisha inarudi polisi. Mwambie daktari kila panapouma, si kidonda kinachoonekana tu. Goti la mdogo wangu siku ile lilikuwa limevimba kidogo tu, yeye akaonyesha mchubuko wa mkono. Kabla ya kuirudisha fomu, toa kopi. Risiti zote, hata ya panadol na ya nauli ya kwenda kliniki, weka kwenye bahasha moja.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kesi ya trafiki. Dereva anaweza kufikishwa mahakamani, akakiri, akalipa faini, akarudi barabarani, na wewe uko wodini hujui kama kesi ilikuwepo. Mtafute mpelelezi, muulize tarehe, mtu wa familia awepo siku hiyo, na uombe nakala ya hukumu. Kampuni za bima huitaka, pamoja na ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na ripoti ya mwisho ya polisi, ile PF90. Kama uliumia ukiwa kazini, mwajiri naye atoe taarifa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Kampuni ikikuzungusha au ikakupa kiasi kisicholingana na maumivu yako, usisaini hati ya kumaliza madai kwa uchovu. Yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria kusikiliza malalamiko ya watu wa kawaida. Mahakama nayo ipo, ila kwa Tanzania madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu.

Ajali ya mdogo wangu ina mwaka na miezi minne sasa. Wakili tuliyemwona anasema ile karatasi ya kondakta si lazima iwe mwisho wa habari, tutafute abiria wenzake. Tumempata mmoja, mama anayeuza samaki sokoni, anayekumbuka vizuri kwamba ndiye aliyemfunga lile goti kwa mtandio wake. Jumatatu tunakwenda naye kituoni kuandika maelezo.