Sh 18,000 kwa kikombe cha barafu: tumerogwa na nani?

Jumamosi nilimpeleka mama mahali. Sipataji, sitaki kesi, ila ni zile sehemu ambazo viti havina migongo na mhudumu anakusalimia kwa Kiingereza ilhali asubuhi mlibanana daladala moja. Mama ana sukari, kaambiwa apunguze vitamu, na huyu mama tangu tukiwa wadogo udhaifu wake ni lambalamba. Kwenye menyu nikaona: aiskrimu nyepesi ya embe, protini nyingi, haina sukari. Nikasema leo ndiyo leo. Sh 18,000. Kikakuja kikombe cha ukubwa wa vile vya kahawa ya Kariakoo.

Mama akaonja. Akanyamaza. Akanitazama kama anavyomtazama fundi aliyeharibu kitenge.

"Mwanangu, humu wametia chokaa?"

Haikuwa chokaa, ni ule unga wa protini wa kopo wa watu wa jimu. Na hilo la "haina sukari" ndilo lililonipandisha presha. Embe! Embe lina takribani gramu 14 za sukari kwa kila gramu 100, hata ulichume kwa bismillahi. Sema hukuongeza sukari, tutaelewana. Ukisema haina, unamdanganya mzee wa watu aliyekuja na kadi yake ya kliniki kwenye pochi.

Mnajua huo unga asili yake ni nini lakini? Ni maji ya maziwa. Huko Ulaya wakitengeneza jibini yanabaki maji ya njano-njano, na kwa miaka mingi walikuwa wakiwanywesha nguruwe. Siku hizi yanachujwa, yanakaushwa, yanatiwa vanila, yanapanda meli, yanashuka kwenye kopo kubwa kama ndoo ya rangi, na kijana wa Sinza anatoa nusu ya mshahara. Sawa, anayebeba vyuma kila siku huenda unamsaidia, sibishani. Lakini mimi na mama tunabeba nini zaidi ya kapu la Buguruni?

Wakati mtindi upo. Mtindi jamani! Mangi anauza, tunaunywa na ugali, halafu tunaona haya kuuita chakula cha afya kwa sababu haukuandikwa Kiingereza. Nilipotoka pale nikapita dukani nikachukua lita 2, mtindi mtupu, ule wa kukunja uso, si ule uliotiwa sukari na rangi ya waridi. Nikachemsha kipande cha kanga kuukuu, nikakitandaza juu ya chujio, chujio juu ya sufuria, nikamimina, nikafunga, nikaingiza kwenye friji, nikalala. Asubuhi karibu nusu yake imeshuka maji, na kilichobaki juu kijiko kinasimama chenyewe. Mtindi wa kawaida una gramu 3 na kitu za protini kwa kila 100. Huu ukibaki nusu unakaribia mara mbili, maana kinachoshuka zaidi ni maji na sehemu ya sukari ya maziwa. Gramu 200 zake ni kama umekula mayai mawili. Yale maji sikuyamwaga, nilikandia chapati. Kwa bei ya kile kikombe kimoja ningenunua lita 4 na nauli ikabaki.

Huo mtindi mzito ndio msingi wa aiskrimu ya nyumbani, mengine ni mepesi. Embe dodo lililoiva, kata vipande, gandisha. Ndizi kisukari mbili zilizoanza madoadoa, menya kwanza ndipo ugandishe (nilishawahi kugandisha na maganda, usiniulize). Ndizi usiiruke. Aiskrimu ya dukani inalainishwa na mafuta, sukari na hewa. Ukiviondoa, maji yanaganda chembe kubwa na unatafuna barafu. Ndizi ina uteute wake unaozizuia chembe kukua. Kamulia ndimu, tia chumvi kidole kimoja, na ukipenda kijiko cha karanga za kusaga. Mtindi uanze kuingia kwenye blenda, matunda yafuate baada ya kukaa nje dakika kumi, na usage kwa kushtua-shtua. Blenda zetu hizi ukizikazania zinanuka waya.

Nanasi bichi, yaani lisilopikwa hata kama limeiva, hapana. Nilimwandalia wifi Idi iliyopita, nikalisaga na mtindi nikajiona mpishi, nikaliweka hadi jioni. Uchungu! Klorokwini ina nafuu. Wifi akala vijiko vitatu kwa adabu, cha nne akakumbuka ana safari. Kumbe nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa, ndiyo ule uchungu, na papai lina ndugu yake. Lichemshe dakika chache kwanza, kinakufa. Papai mimi nalila tupu.

Haya, na ukweli wenyewe niuseme ingawa unaniuma: si aiskrimu. Ile ya utotoni yenye mafuta hadi kwenye kidevu, hii haiifikii. Ukiirudisha kwenye friza usiku, kesho ni tofali. Iache nje robo saa kwanza. Umeme ukikatika ikayeyuka, usijaribu kuigandisha upya, inywe. Na mwenye sukari ale bakuli dogo, tunda ni tunda.

Jumapili nilimpa mama bakuli dogo, dogo kweli. Akala polepole, akakwangua, akalamba kijiko mbele na nyuma. Nikasubiri sifa.

"Hii nzuri. Sasa kanga yangu ya Mwanza umeikata ukaifanyia nini?"

Nimeshaagiza nyingine. Gora zima.