Bunduki iliyo kwenye droo

Miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, jimboni Connecticut, Seneti ya Marekani ilipigia kura pendekezo lisilo kali hata kidogo: anayenunua silaha kwenye maonyesho ya bunduki au kupitia tangazo la mtandaoni apekuliwe rekodi kama anayenunua dukani. Lilipata kura 54. Zilihitajika 60. Hiyo ilikuwa Aprili 2013, na wapo waliokata tamaa siku hiyohiyo.

Mimi ni wa upande unaotaka sheria ziimarishwe. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nimejificha nyuma ya mizani. Lakini naona upande wetu umepigania uwanja mdogo kwa kelele nyingi, na uwanja mkubwa tukauacha bila mtu.

Tazama hesabu. Mwaka 2023 watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa risasi Marekani, kwa takwimu za CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa. Zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Waliouawa na wengine walikuwa karibu 18,000, na silaha inayotajwa zaidi katika mauaji ya aina hiyo ni bastola ya kawaida. Mashambulio ya shuleni na makanisani, yale yanayoitikisa dunia nzima, ni sehemu ndogo ya jumla hiyo. Ukiwasikiliza wanasiasa utadhani ni kinyume, maana kila mara hoja huishia kwenye ile bunduki nyeusi ya mtindo wa kijeshi, ipigwe marufuku au isipigwe. Marufuku hiyo iliwahi kuwapo, 1994 hadi 2004, na watafiti bado wanavutana kuhusu ilichookoa. Sisemi haina maana. Magazini kubwa ya bunduki hizo, yaani kisanduku chake cha risasi, humwezesha muuaji kupiga watu wengi kabla yeyote hajapata upenyo wa kumrukia. Nasema imekula muda na nguvu ambazo zingezaa zaidi kwingine.

Kwingine ni wapi? New Hampshire, mwaka 2009. Ndani ya siku chache, wateja watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Ununuzi wote ulikuwa halali. Mwenye duka hakunyamaza. Alikaa na watu wa afya ya jamii, wakaandaa vipeperushi pamoja na mwongozo wa kumsaidia muuzaji kumtambua mteja aliye hatarini, na majimbo mengine yakaiga. Wanaopinga sheria mpya wana haki ya kuupenda mfano huu, kwa kuwa hakuna bunge lililomlazimisha mtu yule.

Ila mfano huohuo ndio unaonyesha thamani ya siku chache za kusubiri kati ya kulipa na kukabidhiwa silaha. Wimbi la kutaka kujiua mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na wengi wa wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Bunduki ni mara chache sana itoe nafasi hiyo ya pili. Jeshi la Israel lilipowazuia askari wake mwaka 2006 kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki, visa vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu ulionekana zaidi siku hizohizo za mwisho wa wiki. Dhiki za askari zilibaki palepale. Kilichoondoka ni bunduki nyumbani siku ya Jumamosi.

"Mhalifu hatii sheria" ndiyo hoja inayorudiwa kuliko zote, na kwangu ndiyo nyepesi kuliko zote. Bunduki haioti porini. Nyingi kati ya zinazookotwa penye uhalifu zilianza safari kwa mauzo halali, kisha zikaibwa garini au nyumbani, au zilinunuliwa na mwenye rekodi safi kwa niaba ya mwenye rekodi chafu. Sheria humshika huyo wa mwanzo, ambaye anatii.

Halafu kuna mianya ambayo haihitaji mtu kuikaidi sheria hata kidogo. Muuzaji mwenye leseni hupeleka taarifa za mnunuzi kwenye mfumo wa FBI, na jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa. Likija "subiri" na siku tatu za kazi zikapita bila neno, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji aitoe silaha. Aliyewaua waumini tisa katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, Juni 2015, alipata bastola yake kwa njia hiyo, na baadaye FBI ilikiri kwamba hakustahili kuuziwa. Hakuruka ukuta. Alingoja, muda ukaisha, akapewa.

Hoja mbili za upande wa pili siwezi kuzipita kwa haraka.

Ya kwanza ni ya kujilinda. Mwanamke anayeishi peke yake, mbali na kituo cha polisi, aliyetishiwa na mume waliyeachana, hana matumizi na bunduki iliyotenganishwa vipande na kuwekwa kwenye sefu ya chini ya nyumba. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Heller, ilisema haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda ni haki ya mtu binafsi, ikaifuta sheria ya Washington iliyotaka bunduki za nyumbani zitenganishwe au zifungwe kufuli la kifyatulio. Kwa hiyo anayeandika sheria ya utunzaji salama lazima amwachie nafasi mtu aliye na silaha yake mwilini au karibu naye, na amshike yule aliyetoka akaiacha kwenye droo. Mahakama hiyohiyo, kwa kura nane dhidi ya moja mwaka 2024, ilikubali kwamba mtu ambaye jaji ameshaona ni tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha. Nafasi ipo. Ni nyembamba, lakini ipo.

Ya pili inanisumbua zaidi: nani hasa atafungwa? California ilipiga marufuku kutembea hadharani na bunduki iliyojazwa risasi mwaka 1967, gavana akiwa Ronald Reagan, baada ya Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi, kuanza doria za silaha wakiwafuatilia polisi. Na kesi ya Bruen ya mwaka 2022, iliyovunja utaratibu wa vibali wa New York, iliwaleta mahakamani watetezi wa umma wa jiji hilo, mawakili wa maskini, wakiwa upande wa wamiliki wa bunduki. Walieleza kwamba wanaoshtakiwa kwa kubeba silaha bila kibali ni Weusi na Walatino kwa wingi usiolingana na idadi yao. Anayetaka sheria kali akiwaita mawakili hao vibaraka wa wafanyabiashara wa silaha, hajawasikiliza. Mimi jibu langu, na najua halitamridhisha kila mtu, ni kuuweka uzito pale silaha inapouzwa na inapotunzwa, na kuupunguza kwa kijana anayepekuliwa barabarani.

Mfano wa Australia nitaupitia kwa mbali. Baada ya mauaji ya watu 35 pale Port Arthur mwaka 1996, serikali ilinunua na kuharibu bunduki zaidi ya 600,000. Hatua ya kishujaa, ila Australia haikuwa na haki ya bunduki ndani ya Katiba, wala haikuwa na bunduki nyingi kuliko watu. Marekani ina vyote viwili. Anayeahidi kuzikusanya anawatisha wamiliki ambao wangeweza kukubali kufuli, siku za kusubiri na kibali cha kununulia.

Turudi kwenye droo. Novemba 2021, baba mmoja wa Michigan alinunua bastola. Siku nne baadaye mwanawe wa miaka 15 aliingia nayo katika shule ya sekondari ya Oxford na kuwaua wanafunzi wanne. Michigan wakati huo haikuwa na sheria ya kumlazimisha mzazi kufungia silaha; ilianza kutumika Februari 2024. Wazazi wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka huohuo, wakahukumiwa miaka 10 hadi 15 kila mmoja.

Sheria ya shirikisho inamtaka muuzaji ampe mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia. Haimtaki mnunuzi akitumie. Wapelelezi walipopekua nyumba ile walikuta kufuli la waya lililokuja na bastola. Lilikuwa bado ndani ya plastiki yake, halijafunguliwa.