Gibson kumpita Cobb, ni haki au ni huruma?

Tangu MLB, yaani ligi kuu ya besiboli Marekani, iingize rasmi takwimu za ligi za weusi, zile za wachezaji weusi waliotengwa na wazungu, za 1920 hadi 1948 hapo Mei 2024, ubishi hauishi. Josh Gibson, mpigaji wa ligi hizo aliyefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35 tu, ndo namba moja wa wakati wote kwa wastani wa kupiga, .372, na mzungu Ty Cobb kashuka nafasi ya pili na .367 yake. Kwa wasiofuatilia, .372 maana yake kila zamu 1,000 za gongo, zamu 372 kaupiga mpira na kafika kituoni salama. Rekodi ya msimu mmoja pia ni yake, .466 ya 1943.

Wanaopinga wana hoja, tusiwabeze. Cobb alishika gongo zaidi ya mara 11,000, Gibson elfu mbili na ushee. Ligi za weusi zilikuwa na mechi za kuhesabika kama 60 kwa msimu wakati wenzao wanacheza 154, sasa hapo mtu akishika moto miezi miwili mitatu msimu unaisha kabla hajapoa, wastani unabaki huko huko juu. Na kumbukumbu zenyewe zina mapengo, mechi nyingine hazikuandikwa vizuri.

Sawa, ila mi nauliza, hiyo rekodi ya msimu ambayo Gibson kaivunja ilikuwa safi kiasi gani? Hugh Duffy, .440, mwaka 1894. Mwaka mmoja tu nyuma warushaji walikuwa wamesogezwa mbali na mpigaji, na mpira ukipigwa ukatoka nje ya mstari haukuwa unahesabiwa straiki (kosa la mpigaji, zikifika tatu anatoka), wapigaji kibao wakapita .400 mwaka huohuo. Mbona hilo halimkoseshi mtu usingizi? Na 2020, mwaka wa korona, MLB walicheza msimu wa mechi 60 tu na namba zikaingia vitabuni kama kawaida.

Halafu Gibson sio kwamba alicheza kidogo jamani. Weusi walizungukia miji kwa basi wakicheza mechi za kirafiki ili wapate hela ya kula, na hizo hazijahesabiwa hata moja. Cobb naye kwenye ligi yake hakuwahi kukutana na mrushaji mweusi hata siku moja, walikuwa wamefungiwa nje mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947.

Mi .372 naikubali bila kinyongo. Hiyo .466 ndo inanipa shida kidogo, msimu mmoja mfupi na wakati wa vita wachezaji wengine wako jeshini, ningeiacha na alama pembeni, lakini basi na ya Duffy iwekewe alama hiyohiyo.

Ted Williams, mzungu wa mwisho kufikisha .400 (.406, 1941), alipoingizwa Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa besiboli, 1966 alisimama jukwaani akamtaja Gibson na Satchel Paige, mrushaji wa ligi za weusi, akasema anatumaini nao watawekwa humo. Gibson aliingia 1972.