Nyumba iko Ujiji, mnunuzi yuko Oslo

Mwaka ukikaribia kwisha, simu yangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, hujaa picha za nyumba. Zinatumwa na ndugu walioko Norway, Marekani na Australia, nao wamezipata kwa madalali wa hapahapa. Ujumbe ni uleule: "Kaka, hebu nenda kaniangalizie." Tangu mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, utiwe saini Desemba 2022, madalali wamepata neno la kumalizia kila maelezo: reli inakuja. Aliye mbali akilisikia hilo, hapati usingizi.

Anunue akiwa hukohuko au asubiri aje?

Wanaosema asubiri wana hoja nzito, hasa kwa nyumba za Ujiji. Nyingi ni za urithi. Babu alijenga, akafariki, watoto wakatawanyika: mmoja Bujumbura, mwingine Uvira, wawili Dar es Salaam. Anayeuza ni yule aliyebaki na funguo. Ukimdai karatasi, anakutolea barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri wa kutosha kutisha. Barua hiyo inaonyesha tu kwamba mwenyekiti anamfahamu. Haimfanyi kuwa msimamizi wa mirathi. Kinachotakiwa ni uteuzi wa mahakama, ile Fomu Namba 4 kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na hata huyo msimamizi anauza kwa niaba ya warithi wote. Picha ya WhatsApp haisemi lolote juu ya hayo. Kaa barazani kwa jirani nusu saa, unywe kahawa, ndipo utakaposikia kwamba yuko dada anayeishi Kalemie, Kongo, ambaye hajaulizwa.

Hata hivyo, siamini kwamba kuja ndiyo dawa. Nimewaona wanaokuja kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza ni ya kusalimia wakubwa, ya pili ya misiba na harusi, ya tatu wananunua kwa pupa kwa sababu tiketi ya kurudi imeshakatwa. Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, habari muhimu zimo kwenye daftari la Msajili wa Hati: mmiliki ni nani, hati imewekwa dhamana ya mkopo au la, kuna zuio au hakuna. Wakili akilipia upekuzi anakuletea jibu, uwe Oslo au uwe Gungu hapa mjini.

Kwa hiyo umbali wenyewe haunitishi. Kinachonitisha ni mpangilio. Watu hutafuta nyumba kwanza, karatasi zao baadaye. Wengi waliondoka kabla ya kupata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na bila hiyo usajili wa ardhi kwa jina lako unakwama. Muuzaji ana haraka, dalali anasema yuko mteja mwingine, basi mtu anaamua: "Andikeni jina la mdogo wangu, tutabadilisha nikija."

Hapo ndipo penye shimo. Kisheria, nyumba hiyo ni ya mdogo mtu. Wala si lazima awe mwizi. Anaweza kuwa mwaminifu kama mwezi mpevu, kisha akafariki, na mkewe na wanawe wakaihesabu nyumba kuwa mirathi yao, kwa nia njema kabisa. Anaweza kudaiwa, nyumba ikakamatwa. Hati ya uwakilishi ni njia salama zaidi: unaitia saini huko uliko, ubalozi wetu unaithibitisha, inasajiliwa hapa, na mdogo wako ananunua kwa jina lako. Iandike iwe finyu. Imruhusu kununua nyumba hii, kwa bei isiyozidi kiasi hiki, basi. Isimruhusu kuuza wala kukopea.

Kwa aliyekwisha kuchukua pasipoti ya nchi nyingine habari ni tofauti. Sheria zetu hazikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na asiye raia hapewi ardhi kama raia. Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa ili wenye asili ya Tanzania wapate hadhi maalumu itakayowafungulia mlango huo kwa masharti. Ni hatua nzuri, ila hadhi inaombwa na kupatikana kwanza. Kutuma pesa leo kwa matumaini ya kadi ya kesho ni kurudi kulekule kwenye jina la mdogo mtu.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Zipitie benki, kutoka akaunti yenye jina lako, na malipo yafuate hatua: kiasi baada ya upekuzi, kilichobaki baada ya fomu za uhamisho kusainiwa. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo anayekutajia dola mwambie aandike shilingi. Tenga pia asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa ajili ya ushuru wa stempu, na mkataba useme wazi kwamba kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Asipoilipa, uhamisho wako ndio utakaokaa kwenye foleni.

Msimamo wangu basi umegawanyika. Penye hati, nunua ukiwa mbali, mradi karatasi zako ziwe tayari kabla ya kupiga simu kwa dalali. Pasipo na hati, njoo, au uache. Mtoto wa mjomba niliyemwambia hivi mwaka jana alikuwa ameipenda nyumba moja karibu na Mwanga sokoni. Hakuwa na NIDA, nami nikakataa kuandikwa jina langu. Nyumba ilichukuliwa na mtu mwingine baada ya mwezi. Mpaka leo akinisalimia, ananisalimia kwa kifupi.