Paina, kinyungu na nani anabaki na shamba

Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako, kisha ukakata kushoto kwenda Njombe, dirishani utahesabu paina, miti ya mbao, kuliko mahindi. Na Nyanda hizi za Juu Kusini ndizo zilizokuwa ghala la chakula. Iringa (Njombe ikiwa bado ndani yake, kabla ya 2012), Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa minne iliyotegemewa kulisha nchi. Leo kijana wa Kibena au Kihehe ukimuuliza anafanya nini, atataja mbao, bodaboda, parachichi, labda kibanda cha biashara Makambako. Kulima atakutajia mwisho, tena kama anayeomba radhi.

Wazee wana neno lao: mtu hali mbao. Vijana nao wanajibu kwamba jembe la mkono halijamwezekea mtu bati. Wote wana ukweli, ila naona wanagombea pembeni ya jambo lenyewe.

Nianze na vijana, maana ndio wanaosingiziwa uvivu. Mahindi ya nyanda hizi hayakustawi kwa mvua peke yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua kwa bei moja nchi nzima, kwa hiyo mkulima wa Ludewa hakutozwa umbali wake kutoka Dar es Salaam, na mbolea ilikuwa na ruzuku. Mfumo huo ulipolegezwa, na ruzuku ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, umbali ukamrudia mkulima mabegani. Ruzuku ya mbolea ilirudi baadaye, ikiwamo ile ya msimu wa 2022/23, ni kweli, lakini bei ya gunia bado inategemea lori litakalofika kijijini baada ya mavuno. Aliyemwona baba yake akiuza debe kwa bei ya kutupa Julai, halafu akalinunua tena Februari kwa bei ya kuruka, huyo humhubirii jembe akakusikia.

Wakinga wa Makete, mkoani Njombe, waliliona hili mapema. Makete ni miteremko, baridi na vipande vidogo vya ardhi. Wakaenda kutafuta vibarua kwenye mkonge na chai, kisha wakashika biashara mpaka Kariakoo. Leo tunawasifu, hatuwaiti waliopotea. Ila tusiwasifu tukasahau gharama: utafiti wa kitaifa wa 2016/17 uliikuta Njombe ikiongoza mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4, na katika kutafuta sababu huwezi kuwaruka waume wanaokaa miezi mingi mbali na nyumbani. Na mabinti? Wao hawapewi mashine ya kupasulia mbao. Wanapandishwa basi kwenda kufanya kazi za ndani mijini, mpaka "dada wa kazi kutoka Iringa" ikawa kama chapa ya bidhaa. Anayehesabu fursa mpya na awahesabu na hao.

Upande wa wazee, hoja nzito zaidi ni vinyungu, kuliko hata hiyo ya mbao. Kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi: mahindi mabichi, maharage, mboga. Ndicho kinachovusha nyumba kabla mvua hazijaanza, na mara nyingi ni mkono wa mama. Milingoti (mikaratusi) ikipandwa bonde lile lile inakunywa maji yale yale. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, lakini kinyungu hufukuzwa haraka kuliko mlingoti. Mlingoti una mwenyewe mwenye sauti.

Lakini miti si ngeni huku. Kampuni ya miwati, miti inayopandwa kwa maganda yake ya kusindikia ngozi, ilianzishwa Njombe mwaka 1949, na wanakijiji nao wakapanda miwati yao. Ukibandua maganda ukauza, ukachoma mkaa, jivu lililobaki ulipandia mahindi au ulezi, kisha miwati ikachipua tena. Mti na chakula vilipokezana katika ardhi ile ile, na mwenye ardhi hakubadilika.

Paina haina subira ya namna hiyo kwa maskini. Ili itoe mbao ya maana inataka miaka 15, 20, hata zaidi, na mwenyeji hana miaka hiyo. Ada ya shule inadai sasa, ugonjwa unadai sasa. Anauza miti ikiwa ya miaka sita, bado michanga. Shida ikirudi anauza ardhi yenyewe. Mnunuzi wa mjini ana fedha ya kungojea. Miaka kumi baadaye utamkuta aliyeuza akifyeka nyasi kwa kibarua katika shamba la babu yake. Hapo ndipo ninapoachana na vijana wanaoita kila badiliko maendeleo: muuza duka wa Makete aliyebakiza shamba nyumbani na huyu kibarua wote "wameacha kilimo", ila hawako hali moja.

Halafu kuna moto wa Oktoba. Mahindi yameshavunwa, na shamba likiungua, mvua zikinyesha unapanda. Paina ya miaka minane ikiungua, imekwenda akiba ya miaka minane. Mwenye ardhi yake bado anaweza kumwaga ulezi kwenye jivu, kama walivyofanya waliomtangulia. Aliyeuza atakuwa anasubiri kuitwa kibarua cha kupanda upya.